Kura Mboga kwa Wingi

Juzi nilikaa kwenye mgahawa mmoja hapa Ngara mjini nikisubiri ndizi zangu. Meza ya pili alikuwepo kijana mtanashati, mfanyakazi mpya wa ofisi fulani, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Chipsi mayai yake ilipofika hakuigusa. Aliipiga picha kwanza. Akaisubiri simu ifikirie, simu ikafikiria, ikamtolea namba. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia mwenzake, "Bado niko ndani ya kiwango changu cha leo." Kisha akala yote, akafuta sahani kwa kachumbari.

Nilitamani ninyanyuke nikampe mkono. Mimi nimepika zaidi ya miaka thelathini, na ningewekewa sahani ile mbele yangu nisingeweza kusema ina nini mpaka nijue yale mafuta yamekaanga nini tangu Jumatatu. Yeye alijua kwa picha. Elimu imesonga mbele sana.

Kwa hiyo nawaandikia nyie mnaoanza kazi, mnaokula kantini na migahawani kwa sababu hamna mwenza, au hamna muda, au mnavyo vyote lakini hakuna anayetaka kuosha sufuria. Naitwa Bonifasi, mpishi mstaafu. Nimewaficha watu mambo mengi ndani ya sufuria, na sasa nina nafasi ya kuyasema bila kuogopa kwamba kesho meza zitakuwa tupu. Mengi ni ya kuchekesha. Moja halichekeshi, nitalifikia.

Kazi nilianzia Lukole, enzi zile kambi ilipokuwa na watu wengi kuliko miji mingi niliyokuja kuiona baadaye. Niliajiriwa kwenye mesi ya wageni waliokuja kuhudumia wakimbizi. Sikuwa mpishi. Nilikuwa nimeomba kazi ya ulinzi, lakini siku hiyo walinzi walikuwa wametosha na mmenya viazi alikuwa hajapatikana. Wiki ya pili tu, mama mmoja wa kizungu aliyekuwa na kazi ya kupima chakula cha wakimbizi aliingia jikoni, na kwa Kiswahili chake cha kitabuni akaniuliza, "Bonifasi, maharage haya yana kalori ngapi?"

Neno lile nilikuwa silijui. Lakini mtu mwenye wiki mbili kazini hasemi hajui. Nikafikiri ni kiungo, kitu cha jamii ya karoti, nikamjibu kwa heshima zote, "Mama, kalori zimeisha. Zitaletwa Jumatatu na lori."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafanya jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi: alikaa juu ya gunia akanieleza. Kwamba kalori si kitu cha kutia, ni nguvu iliyomo ndani ya chakula. Kwamba kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina nguvu kuliko fungu zima la mchicha. Kwamba kule kambini wao walikuwa wanahangaika mtu azipate za kutosha, na kwao Ulaya watu walikuwa wanahangaika kuzikimbia. Nilimwonea huruma, nikadhani anatania.

Lori la Jumatatu lilikuwa linaendeshwa na Laurenti. Alipopata habari ya jibu langu alilichukua akalifanya lake. Tangu siku hiyo hakuwahi kunisalimia kama watu wengine. Akinikuta tu anasema, "Bwana, kalori zimefika?" Nami najibu, "Zinashushwa."

Laurenti mumkumbuke. Ni mtu wa Nemba, kule Biharamulo, mrefu, mcheshi, anayekula kwa furaha mpaka mpishi unajisikia fundi. Kambi ilipofungwa, sote wawili tuliangukia ofisi moja hapa Ngara. Sitaitaja, kwa sababu bado wananisalimia. Yeye alishika usukani, mimi nikaingia kantini. Mkewe na watoto walibaki Nemba na shamba lao, kwa hiyo siku zote za kazi chai yake na chakula chake cha mchana vilitoka mkononi mwangu. Leo Laurenti hana mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Hilo ndilo nililosema halichekeshi.

Lakini kwanza mjifunze lugha ya jikoni, maana si Kiswahili mlichopatia alama nzuri shuleni.

Mteja anakaa anasema, "Chai, sukari kwa mbali." Mbali gani? Mbali ya kutoka hapa mpaka Keza kwa miguu, au mbali ya kutoka hapa mpaka Keza kwa pikipiki? Pale kantini nilimkuta Mama Leokadia, bosi wangu na mwalimu wangu, Mungu amweke. Alikuwa na birika moja kubwa, na sukari yote ilishaingia humo tangu maji yanachemka. Ukimwomba kwa mbali, alikumiminia chai ileile akiwa ameinua birika juu zaidi. Sukari imekuja kwa mbali, una ubishi? Na watu walikuwa wanakunywa wanasema, "Hapo sawa, mama, hii umeniwezea."

Halafu kuna mchemsho. Mtu katoka hospitali kaambiwa aache vya kukaanga, anakuja anaagiza mchemsho kwa sauti ya mtu aliyeokoka. Na sisi tunachemsha kweli, hatudanganyi. Ila mwishoni mpishi anaonja, anaona kimepooza, anajua mteja atalalamika, basi anazungusha kijiko cha mafuta juu ili king'ae. Anaongeza chumvi. Anaongeza na kile kiungo cha paketi, ambacho sehemu kubwa ni chumvi iliyobadilisha jina. Ukimuuliza, "Hii haina mafuta?" atakujibu haina, na moyo wake mweupe kabisa, kwa sababu kichwani mwake mafuta ni yale ya kukaangia. Yale mengine ni mapambo.

Kwa hiyo acheni maswali ya ndiyo na hapana. Mpishi akiulizwa swali la ndiyo na hapana anachagua lile litakalokukalisha kitini. Nyie msifieni, kisha muulize, "Mama, hii tamu hivi, unaanzaje kuipika?" Hapo mmemshika. Mpishi hawezi kuuficha ufundi wake. Watu wa afya walinihoji na fomu zao mara nyingi sikuwaambia kitu. Siku mteja mmoja aliponisifia nyama nilimtajia kila kitu kuanzia kitunguu, na kila mwiko wa mafuta, na ule wa mwisho ninaoutia wakati hakuna anayeangalia. Alibaki ameduwaa na kijiko hewani.

Supu ya asubuhi nayo msiinywe kwa pupa ikiwa inafoka. Iacheni mezani kidogo mkizungumza. Kitakachoganda juu ndicho mlichokuwa mnataka kukinywa mkikiita dawa ya uchovu. Na juisi ya matunda, ulizeni tunda lenyewe liko wapi. Jagi zima huwa lina embe moja lililopita humo kwa ajili ya harufu, kazi iliyobaki inafanywa na sukari.

Dona ilipoingia kwenye mtindo, mabosi wote walitaka dona. Walikuwa wamesikia redioni kwamba ina nyuzinyuzi. Mashine ya karibu na kantini ilikuwa inakoboa tu, basi Mama Leokadia akawa anachukua sembe yake ileile anaitia pumba mkono mmoja, ipate rangi ya kishamba. Mabosi wakala milima wakipongezana kwa kujali afya. Siku dona ya kweli ilipopatikana waliisukuma wakasema hii imechakachuliwa. Nami nawaambia, hata ikiwa ya kweli, mlima ni mlima. Nyuzinyuzi hazipunguzi kimo chake.

Sasa niwaeleze habari ya ubao.

Ofisi ilipata afisa lishe mpya, binti anaitwa Anitha, mtoto wa Keza, Mhangaza kama mimi. Alikuja kantini asubuhi moja na daftari lake.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," akajibu Mama Leokadia. "Umekuja kura?"

Ulimi wa Mama Leokadia haukuwa na ugomvi wowote kati ya L na R. Zilikuwa zinapishana humo zinavyotaka.

"Hapana mama, nimekuja kuwaomba ubao. Kila siku muandike chakula kilivyopikwa, watu wajue kipi kina mafuta mengi, kipi kina chumvi. Na chini muweke ujumbe wa afya."

"Mwanangu, mtu akijua chakura kirivyopikwa, atakura wapi?"

Anitha alicheka lakini hakuondoka. Ubao ukapatikana. Zile habari za mafuta na chumvi Mama Leokadia alizikubali kwa moyo wote, akaziandika siku moja, zikafutwa na mvua iliyopita dirishani, hazikurudi tena. Uliobaki ni ujumbe wa chini, kwa sababu aliuandika kwa rangi iliyobaki ya mlango. Anitha alimsomea polepole, Kula mboga kwa wingi, na Mama Leokadia akaandika alivyosikia, kwa herufi kubwa: KURA MBOGA KWA WINGI.

Ilikuwa msimu wa kampeni. Mnaweza kufikiri wenyewe. "Mama, huyu Mboga anagombea chama gani?" "Mboga ana sera gani ya barabara?" Wengine walikuwa wanapita kantini hawana njaa, wanakuja kuangalia ubao tu. Mwishowe mkuu wa idara mmoja, mtu mwenye tai, aliona ni aibu kwa ofisi. Alikuja mwenyewe na kopo la rangi, akasimama juu ya kiti, akaigeuza ile R kuwa L. Akashuka akajipangusa mikono. Watu wakapiga makofi.

Ofisi nzima ilishughulika na R. Neno la pili hakuna aliyeligusa.

Maana kwetu sisi Wahangaza imboga ni majani. Mchicha, kisamvu, majani ya maboga. Nyama si imboga, nyama ni nyama. Anitha aliposema mboga alikuwa anaiona bustani ya mama yake kule Keza. Lakini kwenye Kiswahili cha kantini mboga ni chochote kinachousindikiza ugali. "Mboga gani leo?" "Kuna nyama, kuna sangara, kuna maharage." Hakuna anayeshangaa. Laurenti alikiokota Kiswahili chake kwenye gereji za Mwanza na barabarani, na kwake mboga yenye heshima ilikuwa na mifupa.

Mama Leokadia alistaafu akaniachia mwiko, birika na ubao. Miaka ikapita. Siku moja Laurenti akaingia kantini ametoka kliniki, anatembea polepole.

"Bwana, kalori zimefika?"

"Zinashushwa."

"Safari hii uzishushe kwa utaratibu. Wamenikuta na sukari. Na presha pia ipo, zimekuja pamoja."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Ilikuwa na mchoro wa sahani iliyogawanywa kwa mistari, na maneno pembeni. Hakunipa mkononi. Aliishika yeye, akanisomea, gumba lake pana limebana mwisho wa mstari.

"Robo sahani, wanga. Nusu sahani, mboga." Akainua kichwa akauangalia ubao. "Si unaona? Hata ubao wako unasema hivyohivyo. Kwa wingi."

"Leo kuna mchicha na nyama ya kukaanga," nikamwambia.

"Mchicha weka kwa mbali. Mboga nipe nyama."

Tulicheka wote wawili. Nikachukua sahani, nikampunguzia ugali mpaka robo, maana maagizo ya daktari lazima yafuatwe, kisha nikamjazia nyama ya kukaanga nusu sahani kamili, na mchuzi wake mzito wa unga juu. Sikumpunja hata kidogo.

Sasa niseme wazi, kwa sababu ndicho kilichonikalisha kuandika. Mimi nilijua. Nina masikio mawili, moja la kantini na moja la nyumbani, na siku ile yote mawili yalikuwa yanasikia vizuri. Nilijua Anitha alimaanisha nini kwenye ubao, nilijua kliniki hawawezi kumwandikia mgonjwa wa sukari na presha nusu sahani ya vya kukaanga, na somo la yule mama wa Lukole kuhusu kijiko cha mafuta nilikuwa nalikumbuka neno kwa neno. Lakini utani ulikuwa mtamu. Na rafiki yangu alikuwa ametoka kuambiwa habari mbaya, nikamwona anacheka. Na tena, niseme yote, alikuwa anaisifia sana nyama yangu.

Nilidhani ni utani wa wiki moja. Ukawa utaratibu. Kila mchana, "Bwana, ile dozi yangu ya mboga." Na chai yake kwa mbali, kutoka birika lilelile, nami nimeshajifunza kuinua mkono. Ugali ukiwa robo, saa kumi anasikia njaa, anakuja kumalizia na ndizi za kukaanga mbili tatu. Hizo hazikuwa kwenye mchoro, kwa hiyo hazikuhesabika.

Ikawa hivyo kwa miezi mingi, hata sitaki kuitaja. Kisha kiatu kikambana, akapata kidonda kidogo kwenye kidole, akasema ni cha kiatu. Kidonda hakikupona. Alikuja kupelekwa hospitali mguu umeshabadilika rangi.

Sisemi nyama yangu ndiyo iliyomkata mguu. Daktari alitaja mambo mengi: dawa alizokuwa anazisahau safarini, kiatu, kuchelewa. Chai sikusikia akiitaja, hakuwa anaifahamu. Mimi nilikuwa naifahamu.

Hapa nabadilisha mazungumzo kidogo, maana nimefika haraka kuliko nilivyokusudia.

Mwaka huu nilialikwa kwenye sherehe ya mpwa wangu katika hoteli moja ya kando ya barabara kuu. Wakaniletea menyu ya karatasi ngumu inayong'aa, na mbele ya kila chakula kuna namba. Nikamuuliza binti aliyekuwa anatuhudumia hizo ni nini.

"Ni kalori, baba. Sasa hivi hoteli zote kubwa wanaweka."

Nilisisimka. Kumbe hatimaye Jumatatu imefika. Nikavaa miwani nikasoma. Chapati, mia mbili na hamsini. Mchicha, mia mbili na hamsini. Mbuzi mzima wa kuchoma, wa kuagiza siku moja kabla, mia mbili na hamsini.

"Mwanangu, mbona zote zinalingana?"

Akainama akaninong'oneza. "Baba, aliyetuchapia ni kijana wa steshenari. Alisema zikitofautiana wateja wataanza kuuliza maswali."

Kijana yule atafika mbali. Lakini nanyi mjue: namba iliyoandikwa si lazima iwe imepimwa. Na hata ile iliyopimwa ina ujanja wake. Paketi ya biskuti inakwambia sukari ni kidogo tu, unafurahi, husomi pale chini kwamba kidogo hicho ni cha biskuti mbili. Nionyesheni mtu aliyewahi kufungua paketi akala mbili akaifunga. Namba bila kujua ni ya kiasi gani ni pambo, na ukishajua ni ya kiasi gani angalia na sahani yako mwenyewe, si ile ya kwenye picha. Maandishi yasomwe mpaka mwisho wa mstari.

Mwisho wa mstari ndio unaonirudisha kwa Laurenti.

Nilichukua zaidi ya mwaka mmoja kwenda kumwona. Salamu nilituma, za simu, za watu, nyingi sana. Miguu ndiyo ilikuwa mizito. Nilipostaafu nikakosa kisingizio. Nikapanda basi mpaka Biharamulo, nikachukua pikipiki mpaka Nemba, mkononi nimebeba sabuni na unga, kana kwamba nakwenda kumwona mzazi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, magongo yameegemezwa ukutani, suruali imekunjwa na kubanwa vizuri kwa pini. Amepungua, lakini uso ni uleule. Aliniona tangu nashuka kwenye pikipiki.

"Bwana, kalori zimefika?"

Nikamshika mkono tu. Nikasema, "Nimefika, bwana."

Mkewe, Mama Editha, alinikaribisha kwa furaha ambayo sikustahili, akaingia kupika. Tukaongea habari za Lukole, za lori, za Mama Leokadia na uchaguzi wake. Laurenti alicheka mpaka akafuta machozi. Chakula kikaja, Mama Editha akatunawisha, akarudi shambani kumalizia palizi kabla ya jua kukolea. Nikaangalia sahani ya Laurenti. Robo, ugali wa muhogo. Robo, maharage. Nusu nzima, majani ya maboga. Mchoro ule wa kliniki ulikuwa umewekwa mezani mzimamzima. Sahani yangu mimi ilikuwa vilevile.

Nikaona nikianza kula bila kusema, sitasema tena.

"Laurenti, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ile mboga ya kwenye karatasi yako. Nilijua ni majani. Tangu siku ya kwanza."

Alifuta mkono wake, akauingiza kwenye mfuko wa shati, akatoa ile karatasi. Ileile, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Safari hii alinipa mkononi.

"Soma."

Nikavaa miwani. Robo sahani, wanga. Nusu sahani, mboga. Na mwisho wa mstari, ndani ya doa jeusi la grisi lenye umbo la kidole gumba, kulikuwa na maneno mawili ambayo sikuwahi kuyaona: za majani.

"Na wewe ulijua," nikasema.

"Mimi nimesoma shule, bwana. Kusoma najua."

"Sasa kwa nini?"

Laurenti aliichukua karatasi, akaikunja tena mara nne. "Nilikuwa nasubiri ukatae," akasema. "Nilisema moyoni, Boni ndiye mwenye mwiko, Boni alifundishwa na wazungu habari za kalori. Akikataa siku moja tu, naacha. Kila mchana nilikuwa nakuja naangalia kama leo utakataa. Ukawa unajaza."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua pa kujificha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, na nawaambia hivyo bila kuipaka mafuta. Nikamwomba radhi. Akasema chakula kinapoa.

Tukala. Majani yalikuwa yamechemshwa vizuri, kijani chake kipo, lakini hayakuwa na chumvi hata chembe. Mpishi ni mpishi. Ulimi ukauliza kabla sijauzuia.

"Chumvi haipo?"

"Ipo," akasema Laurenti. Akaonyesha kwa kidevu jiko la Mama Editha, kibanda kilicho peke yake ng'ambo ya uwanja, hatua kama thelathini hivi za udongo mtupu kutoka pale barazani. "Ameiweka kwa mbali. Makusudi, nisiifikie. Wewe nenda kachukue, una miguu miwili."

Sikwenda. Nikakata tonge, nikachota mboga, nikala.